Kifyatulio Kizito

Ainsworth, Nebraska
14 Aprili 2011

Mdogo wangu Galen,

Salamu zikufikie wewe na wifi yangu Joyce huko Missouri. Sisi huku hatujambo, na nikisema sisi nina maana mimi, mbwa na ng'ombe. Theluji imeyeyuka na njia yetu ya kutokea barabarani imekuwa uji mtupu. Ndama wanazaliwa vizuri mwaka huu. Leland, yule jirani aliyekodi malisho yangu tangu mume wangu Virgil afariki, anakuja kuwaangalia asubuhi na jioni, na kila akija ananikuta nimemtangulia zizini. Anakasirika kimyakimya, kama kawaida ya watu wa huku.

Mpwa wako Darrell bado anauza mitambo ya umwagiliaji kule Grand Island, na bado anajaribu kuniuzia mimi chumba cha nyuma nyumbani kwake. Mkewe Renae ameshakipaka rangi. Wamenitumia picha. Ni rangi ya siagi, na dirisha linatazama ukuta wa jirani.

Usinipigie simu kunijibu, niandikie. Masikio yangu unayajua. Kwenye simu naitikia ndiyo kwa kila kitu, na siku moja nitajikuta nimekubali kuolewa.

Sasa nina jambo dogo. Ile bastola ya risasi tano aliyoninunulia Virgil, ile fupi isiyo na nyundo ya nje, kifyatulio chake kimekuwa kizito. Navuta mpaka kidole kinaniuma na silinda haijamaliza kuzunguka. Wewe ni fundi bunduki miaka yote hii, watu wanakuletea silaha zao kutoka kila upande, basi nami nifanyie kazi. Nilegezee kifyatulio. Ni kazi ya mchana mmoja kwako, najua, kwa hiyo usinipe sababu ndefu.

Joyce mwambie mche wa rubabu wa kupikia pai alionipa umeshika.

Dada yako,
Ardith


Rolla, Missouri
9 Mei 2011

Dada Ardith,

Shikamoo kutoka kwetu sote. Barua yako ilifika kabla ya Pasaka, ila nilichelewa kujibu kwa sababu ya goti la Joyce. Wamelipasua, ameanza kutembea kwa fimbo, na sasa ananisimamia kazi za jikoni kwa fimbo hiyo hiyo. Mvua huku haikomi. Karakana yangu inanuka ukungu na kila chuma kinataka kutu.

Kuhusu bastola, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaitupa barua hii. Bastola ya kulenga shabaha nitailegeza hata leo. Mtu anasimama uwanjani, ametulia, amevaa vizibo vya masikio, anajua lini atafyatua. Bastola unayotembea nayo mwilini ni kitu kingine. Hiyo utaitoa siku umeshtuka, moyo unakwenda mbio, labda umevaa glavu, labda vidole vimekufa ganzi. Siku hiyo ule uzito unaoulaani ndio unaokupa nafasi ya kuona unachokilenga. Mafundi wengi niliofanya nao kazi wana mwiko huo, na mimi pia. Tena springi za bastola kama yako zikilegea kupita kiasi, nyundo inagonga kinyonge na risasi hailii.

Ziko bastola nyingine zinazofaa mikono ya mtu mzima. Njoo huku mwezi Juni nikujaribishie kadhaa. Au uzungumze na Darrell kuhusu kile chumba. Sisemi uhamie. Nasema uzungumze naye.

Mikono yako ikoje?

Ndugu yako,
Galen


Ainsworth
20 Mei

Galen,

Hatujambo. Mvua imenyesha.

Mikono yangu imeungana na mwili wangu, ahsante kwa kuuliza. Sikukuandikia ili uniulizie mikono, na sikukuandikia ili Darrell apate wakili mwingine. Mimi ndiye niliyekufunga viatu mpaka ulipofika darasa la pili kwa sababu ulikuwa mvivu wa kujifunza fundo, kwa hiyo usinihubirie kuhusu vidole.

Sikutaka kukwambia hili, lakini umenilazimisha. Unamkumbuka Opal Svoboda, mjane wa upande wa mtoni, yule aliyepiga kinanda siku ya harusi yangu? Mwezi Machi wanaume wawili waliingia kwake wakitafuta vidonge vya maumivu. Alikuwa na chupa moja tu, ya mgongo wake. Hawakuamini. Walimvunja taya. Naibu wa sherifu alifika akawakuta wameshaondoka zamani, na si kosa lake, maana anatoka mbali na barabara ilikuwa ya barafu. Opal sasa yuko nyumba ya wazee na anakula kwa mrija. Nilimtembelea. Ananishika tu mkono wa nguo.

Mimi niko peke yangu kwenye nyumba iliyo mbali kuliko yake. Kuna watu wanajua Virgil alikufa kwa saratani, na wanajua vidonge gani hubaki kwenye nyumba ya mtu aliyekufa kwa saratani. Nilishavitupa. Wao hawajui hilo.

Kama sitaweza kuitumia bastola hii, basi itabidi nihame, na nikihama kutoka hapa sina kitu kingine cha kufanya ila kukaa nikitazama ukuta wa jirani mpaka nife. Kwa hiyo unajua sasa ni nini ninachokuomba.

Nimeshaipeleka kwa kampuni ya vifurushi, iko njiani inakuja karakanani kwako. Ilegeze.

Ardith


Rolla
27 Juni 2011

Dada yangu,

Joyce anakusalimu, ameacha fimbo. Nyanya zimeanza kuiva. Nilisikitika sana kusikia habari za Opal. Nakumbuka harusi ile, nakumbuka alivyopotea katikati ya wimbo na nyinyi mkabaki mmesimama mlangoni hamjui muingie au msubiri.

Bastola yako ilifika salama na inarudi kwako wiki hii. Nimeifungua yote. Ilikuwa na uchafu mwingi ndani, pamba za mfukoni na makapi ya nyasi kavu. Nimeisafisha, nimesugua pale vyuma vilipokuwa vikikwaruzana, na nimepunguza theluthi moja ya uzito wa kifyatulio. Ilikuwa ikivutwa kwa ratili kumi na mbili, sasa ni nane. Utaona tofauti.

Nakuomba usiibebe kwenye mfuko wa aproni pamoja na mikasi na kamba. Ikae kwenye ala yake. Na kidole kikae nje mpaka umeona ni nani.

Wako,
Galen


Ainsworth
3 Septemba 2011

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa furaha, na ukiona mwandiko umelala ujue nacheka. Majani tumeshakata na kufunga, Leland anasema ni mengi kuliko mwaka jana. Nimepika jeli ya matunda ya mtoni, chupa nne zinakuja kwenu, na Joyce azifiche kabla hujazifikia wewe.

Galen, mikono yako ibarikiwe. Ilipofika niliitoa risasi zote, nikakaa mezani nikaivuta bila kitu ndani, tena na tena. Inateleza kama droo mpya. Silinda inazunguka mpaka mwisho na kidole hakinishindi. Siku ya pili nikapanga makopo ya kahawa juu ya uzio nyuma ya banda, jua kali, nikayatoboa. Si yote. Moja lilianguka kwa woga.

Darrell alikuja na Renae kwa maonyesho ya wilaya, nikampeleka nyuma ya banda nikamwonyesha. Baadaye tulikuwa tunakula pai. Ndipo akasema haya, Mama, sitakusumbua tena kuhusu kile chumba mpaka wewe mwenyewe useme. Nilitoka nje nikajifanya naita mbwa. Sikutaka anione.

Kwa hiyo nabaki kwangu, na ni kwa sababu yako. Nilikuandikia maneno makali mwezi Mei, nayafuta. Lile la viatu silifuti, kwa sababu ni kweli.

Dada yako anayekupenda,
Ardith


Rolla
30 Novemba 2011

Dada Ardith,

Nisamehe kwa kimya. Msimu wa kulungu unajua ulivyo, kila mtu anakumbuka bunduki yake imeharibika siku mbili kabla ya kuingia msituni. Tulikula sikukuu ya shukrani nyumbani, bata mzinga mkubwa kuliko meza, na jeli yako iliisha siku hiyo hiyo. Joyce anataka ujue kwamba yeye alipata kijiko kimoja.

Sisi tumekuwa tukizungumza. Chumba cha mbele hakina mtu. Njoo ukae nasi msimu wa baridi, kuanzia Krismasi mpaka ng'ombe waanze kuzaa. Leland ataangalia mifugo. Si kuhama, ni kutembea tu. Huku baridi haina meno. Tafadhali lifikirie, Dada, na usilichukulie vibaya.

Bado unaibeba ile bastola kila siku? Umeshaijaribu ukiwa na baridi, au ni zile siku za kiangazi tu? Nauliza tu. Ukija nayo nitaitazama tena.

Sina habari nyingine. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi.

Wako,
Galen


Ainsworth
19 Machi 2012

Galen,

Kama ninyi ni wazima, nafurahi. Mimi mzima.

Leo nimetoa risasi kwenye bastola, nikaibana kwenye jiliwa ya Virgil kule bandani, nikafunga waya kwenye kifyatulio, nikatundika ndoo. Nikaweka ndani mifuko miwili ya sukari. Hizo ni ratili nane. Nyundo haikugonga. Nikaongeza mfuko wa tatu, na ndoo yenyewe ina uzito wake, ndipo ikalia.

Uliniandikia kwamba ni nane. Hukulegeza kitu. Uliisugua na kuipaka mafuta ili nidanganyike, nami nikadanganyika kama mtoto, kwa sababu ilikuwa kiangazi na vidole vyangu vilikuwa na damu. Majira yote ya baridi nimelala na kitu hicho karibu na mto nikiamini kinanilinda. Nilimwonyesha mwanangu. Nilikushukuru. Nilikutumia jeli.

Nataka sababu, na usiniletee habari za kutu na ukungu.

Ardith


Rolla
24 Machi 2012

Dada yangu,

Barua yako imefika leo na najibu leo.

Ni kweli. Sikupunguza hata kidogo. Niliifungua nikiwa na nia ya kuifanya, springi nyepesi zilikuwa mezani. Nilishindwa.

Krismasi ya mwaka juzi, ulipokuja kwetu, ulikuwa unammiminia Joyce kahawa. Mkono wako ulitetemeka, kahawa ikaingia kwenye kisahani, ukacheka ukasema birika limejaa mno. Halikuwa limejaa. Nilikuwa nimekaa mkabala nawe na nililiona. Baba alianza hivyo hivyo. Mimi nakaa mezani kwangu kila siku na nazijua bastola, nikawaza mkono ule juu ya kifyatulio chepesi, gizani, kwenye baridi. Nikamwona Leland anaingia zizini bila kukuita. Sikuweza kuiondoa picha hiyo kichwani.

Utaniuliza kwa nini sikukataa waziwazi. Nilikataa mwezi Mei, na ukaituma hivyo hivyo. Ningeirudisha kama ilivyo ungempelekea fundi wa kwanza unayemkuta, kijana mmoja anayejisifu, angekulegezea mpaka chafya iifyatue. Nilidhani ukiamini imelegezwa utaacha kutafuta. Na nilidhani ukija kwetu majira ya baridi nitakwambia uso kwa uso. Hukuja.

Nilijua pia upande wa pili. Kila redio ikitangaza barafu huko kwenu nilikuwa naamka na kumwona Opal, ila sura ilikuwa yako. Nilikuwa nimechagua kati ya mambo mawili ambayo sikuwa na haki ya kuchagua, na sikukwambia ni lipi nililochagua. Hilo ndilo kosa langu na silipunguzi.

Lakini Dada, kwa nini uliipima? Tangu Julai hukuwa na shaka. Mtu hatundiki sukari bandani bila sababu. Kuna kitu kimetokea. Niambie.

Galen


Ainsworth
12 Aprili 2012

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Joyce. Nyasi zimeanza. Ndama wamebaki wachache kuzaliwa. Nimeandika barua hii mara nyingi na nyingine zote zimeingia kwenye jiko.

Wiki ya pili ya Machi mvua ya barafu ilituangukia. Nguzo za umeme zilikatika kama vijiti, simu ikafa, barabara ikawa kioo. Asubuhi ya tatu ng'ombe mmoja alikwama akizaa. Leland hakuweza kuvuka kilima. Nilimvuta ndama peke yangu, mikono mitupu, na alitoka akiwa hai. Niliporudi ndani vidole vilikuwa vyeupe, havijui kama vimeshika kitu au la.

Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya jiko la kuni nikijaribu kuwasha kiberiti. Mbwa akaruka. Nikatazama chumba cha nyuma, kile cha kuvulia buti, nikaona ubao wa mlango unafunguka kwa kung'olewa. Barafu ilikuwa imeugandisha na mtu alikuwa anauchokoa kwa mtaimbo. Galen, kama alikuwa anaita mimi sikusikia. Nilisikia upepo basi. Mlango ukaachia akaingia mwanaume mkubwa, uso wote umefungwa skafu, barafu mabegani, chuma mkononi.

Nilimwona Opal. Sikufikiri kitu kingine. Niliitoa, nikaishika kwa mikono miwili kama ulivyonifundisha tulipokuwa vijana, nikamlenga kifuani, nikavuta.

Nataka uelewe kwamba nilivuta. Sikumtishia, sikusita. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, na niliiona silinda ikianza kuzunguka. Ikafika nusu. Kidole kikakataa. Nikavuta tena ikarudi palepale. Yeye akaangusha mtaimbo, akavuta skafu chini.

Alikuwa Darrell. Simu ilipokufa aliendesha gari kutoka Grand Island nyuma ya gari la kumwaga chumvi, usiku kucha, kuja kuniangalia.

Ilikuwa hapo ndipo nilipoanza kujiuliza, na barabara ilipofunguka nikaenda kununua sukari.

Sasa nisikilize. Angekuwa mmoja wa wale wanaume, ningekufa nikiivuta bastola yako, na ningekufa nikidhani kosa ni la kidole changu. Uliamua juu ya maisha yangu bila kuniuliza, ukanipa makopo ya kahawa nicheze. Siwezi kukusamehe hilo. Nimejaribu mara kadhaa, jikoni, kwa sauti. Na pale pale nikijaribu kukukasirikia kwa moyo wote, namwona mwanangu amesimama na barafu mabegani, na hasira inanifia mdomoni. Kwa hiyo nakaa na yote mawili. Na wewe kaa nayo.

Darrell hajui. Yeye aliona mama yake amemwelekezea bastola na haikulia, akadhani nilijizuia. Alinikumbatia, analia, akasema, "Mama, ulijua ni mimi."

Nikasema ndiyo.

Ameshawaambia kanisani. Wanawake wananijia wakati wa kahawa kunishika mkono na kunisifu kwa utulivu wangu. Mchungaji aligusia kwenye mahubiri. Usimwambie, Galen. Hata nikishazikwa usimwambie.

Bastola naituma kwako. Usinirudishie, na usiilegeze kwa mtu yeyote. Baada ya kupiga chapa ndama mwezi ujao nitahamia Grand Island. Leland anachukua nyumba pamoja na malisho. Darrell haelewi kwa nini nimekubali baada ya kukataa muda wote huo, na ananitazama kama mtu anayeogopa kuuliza bei. Nimemwambia ni baridi tu, nimechoka na baridi.

Jumapili walikuja kunisaidia kufunga vyombo. Nilipika nyama na viazi, Darrell akala sahani mbili, akamwagikiwa mchuzi akajifuta kwa mkono kama tangu utotoni. Alikuwa ananiambia habari za dirisha, kwamba anaweza kulihamishia upande wenye bustani. Nilikuwa naitikia. Nilikuwa natazama kifungo cha tatu cha shati lake, kwa sababu ndipo hapo nilipolenga, na kilikuwa kinapanda na kushuka anapopumua.

Dada yako,
Ardith